Dawa ya Huku Chini

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila Baba amelazwa tangu Jumatatu. Ni mapafu.

Yuko kwenye wodi ambayo dada yetu ndiye daktari. Dada aliona kwamba wazee wanaotumia vidonge vya tezi dume, wakiugua mapafu, wengi hawazidiwi kama wenzao. Huenda ni bahati tu, kwa hiyo anafanya majaribio: nusu ya wagonjwa wanapewa vidonge hivyo, nusu wanapewa vya unga mtupu, na hata yeye hajui nani kapata kipi. Mwanzoni wanaume wa wodini walikataa. Waliogopa mtaa utasema wana ugonjwa wa kule chini.

Baba akavua barakoa ya oksijeni. "Mwanangu, nakohoa juu, unanitibu chini?" Wodi ikacheka. "Haya, lete. Mabomba yote ni ya nyumba moja." Unamjua, fundi bomba hadi kitandani. Kufika jioni wenzake wote walikuwa wamekubali.

Juzi alizidiwa. Nikamvuta dada kando. "Fungua siri. Kama cha Baba ni unga, mpe dawa."

"Kaka, sijui kama dawa yenyewe inafaa. Ndiyo maana tunajaribu."

Macho yake yalikuwa mekundu, sauti haikutikisika. Katika uandishi wangu wa habari nimehoji mawaziri na majenerali, sijaona mtu imara hivyo.

Baba alitusikia. "Mwache afanye kazi yake," alisema, neno moja kwa kila pumzi, kisha akanyoosha kiganja kudai kidonge cha jioni.

Bado anapumua kwa shida, na bado anameza.

Kaka yako