Alhamisi Imeanzia kwa Zainabu

Jumatano

Nimekosea. Zainabu, mwanangu anayesoma Nyuzilandi, aliniambia atapasuliwa moyo Alhamisi asubuhi. Nikawaalika akina mama wa msikitini waje kesho alfajiri tumwombee dua. Hata unga wa maandazi yao nimeshaukanda.

Amepiga simu sasa hivi. "Mama, huku Alhamisi imeshaingia. Siku huanzia huku, huko kwenu Bariadi inakuja baadaye. Naingia saa nne yenu, leo usiku."

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimgongee nani mlango? Nimetandika mkeka peke yangu. Naogopa mpaka dua nazichanganya.

Kesho wenzangu watakuja kumwombea atoke salama, naye atakuwa ameshatoka. Au...