Nyayo Ndani ya Banda la Miche

Mutoyi, Bugendana,
Gitega, Burundi.
Jumapili, 5 Juni 2011

Mpendwa shangazi yangu Martha,

Shikamoo shangazi. Zikufikie salamu zetu sote wa kilimani, za wakubwa na za watoto. Mguu unaendeleaje? Bado unakuuma ukikaa sana kanisani, au ile dawa ya kuchua imekusaidia? Na tumbaku ya mwaka huu mmeshaimaliza kuichambua? Usiwe unainama mezani kutwa nzima kama kawaida yako. Waachie vijana.

Sisi huku ni wazima. Kaka Leonardi ana kikohozi kidogo, ni baridi tu. Sisi tuliokulia huko Ulyankulu ukituambia ni kiangazi tunajiandaa kwa jua, kumbe kiangazi cha huku asubuhi unapumua moshi mdomoni. Wanangu wana afya njema. Asali uliyotuma ilifika salama, na yule mdogo amekatazwa kuikaribia, ila midomo yake haikauki.

Shangazi, najua barua yangu ya mwisho ilikukosesha raha. Niliiandika nikiwa nimechoka, na nilikwambia kaka ameanza kufunga mizigo, kwamba huenda tukarudi huko tuanze upya. Naomba sasa ukae vizuri, ushushe pumzi. Hatuendi popote. Tunabaki. Nataka nikusimulie ilivyokuwa mpaka ikafika hapo, maana ulituuliza kama kweli mtu anaweza kuishi na watu hawa waliopewa mashamba yetu.

Unakumbuka nilikwambia kikundi chetu cha akina mama kimejenga banda la miche. Ni nguzo za mikaratusi, na juu na pembeni tumefunika kwa nailoni nyeupe aliyotuletea Zuberi kutoka Muyinga, yule mfanyabiashara rafiki wa mdogo wetu Audax. Nusu yetu tumetoka Tanzania, nusu ni wenyeji ambao hawakuwahi kuondoka. Tulitaka tusie mbegu za nyanya, kabichi na biringanya wakati mvua bado ni kali, ili mvua zikikatika miche iwe tayari kwenda bondeni. Banda likasimama kwenye shamba letu, karibu na ule ua wa minyaa wa mpakani, kwa sababu pale ni tambarare na chemchemi iko jirani.

Upande wa pili wa minyaa anakaa mjane mmoja tunamwita Mama Nazario. Ndiye aliyepewa shamba la babu, yeye na marehemu mumewe, ninyi mlipokimbilia Tanzania mwaka 72. Tuliporudi, tume ya ardhi iligawa shamba katikati, nusu yake, nusu yetu. Kaka alitia sahihi, lakini moyo wake haukutia. Tangu siku ile akipishana naye njiani hutazama upande mwingine. Mama Nazario naye hakuingia kwenye kikundi chetu. Nilimwita mara moja, akasema atafikiri.

Basi tukasia mbegu kwenye visanduku vya udongo mwanzoni mwa Kwaresima. Zikaota vizuri, shangazi, kama nywele za mtoto. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwagilia, nikasema hii kazi naijua tangu tumboni, mtu aliyelelewa kwenye vitalu vya tumbaku vya Shangazi Martha atashindwa na nyanya? Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, kama ulivyonifundisha. Nikafunga nailoni kila upande, baridi isiingie.

Wiki mbili hazikwisha, miche ikaanza kulala. Unaingia asubuhi unakuta mmoja umeanguka, shina limekuwa jembamba pale linapotokea ardhini, kama limebanwa kwa uzi. Kesho yake imelala mingi, na iliyobaki majani yanageuka njano. Nikafikiri ni sota, wale viwavi wanaokata mashina. Nikafukua kwa kijiti kila kisanduku, sikuona hata mmoja. Nikamwaga majivu. Nikaona miche inazidi kunyauka, nikasema ni kiu, nikaongeza maji.

Ndipo kaka akaona nyayo. Ilikuwa Jumapili tukitoka misa. Aliingia bandani kabla yangu akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afariki. Kwenye udongo uliolowa kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, midogo, zimeingia na kutoka, na zilielekea kwenye minyaa. Kijiti tunachofungia mlango kilikuwa kimewekwa upande usio wake.

Kaka akasema, "Umeona? Shamba tulimwachia nusu, sasa anataka tufe njaa kwenye nusu yetu."

Nilimwambia hatujui. Akaniuliza, "Kuna mguu gani mwingine mdogo hivyo huku?" Na kweli ulikuwa mguu wa Mama Nazario. Mama huyo ni mfupi kama mtoto wa shule.

Shangazi, sitaki kukuficha, zile zilikuwa siku mbaya. Kaka alipeleka shauri kwa wazee wa kilima, wale wanaoitwa bashingantahe, akasema mama yule ameweka sumu. Akasema pia kwamba kama ni hivyo, mgawanyo ule aliotia sahihi haupo tena, shamba lote lirudi. Neno hilo likazunguka kilima chote. Akina mama wa kikundi wakaanza kukaa mafungu mawili. Wenyeji wakasema, Watanzania hawa walikuja na shari yao. Wa kwetu wakasema, si tuliwaambia? Hata kuazimana jembe kukaisha. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua.

Mkubwa wa wale wazee anaitwa Matata, lakini jina tu, mtu mwenyewe ni mpole. Alisikiliza, akasema shauri litasikilizwa palepale bandani, na kwamba yeye hawezi kusema mtu ameua kabla maiti haijatazamwa. Akatuma mtu kumwita agronome wa komini, yaani bwana shamba, kijana anaitwa Crispin.

Siku ilipofika tulijaa pale kama msiba. Mama Nazario alikuja peke yake, amejifunga kitenge chake cha misa, akasimama karibu na minyaa bila kumsalimia mtu. Mtoto wake Nazario yuko Bujumbura, hakuna aliyesimama naye. Nikajisikia vibaya, lakini sikumsogelea.

Crispin alifika kwa pikipiki, akaingia. Mara ile ile akatoka akifuta miwani. "Humu ndani mnapika nini?" akauliza. Joto na unyevu, shangazi, kama umefunua chungu cha maharage. Akarudi ndani, sisi tukafuata. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nailoni yanamwingia shingoni. Akachukua udongo kwenye kisanduku, akaufinya kiganjani, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akang'oa mche mmoja akatuonyesha mizizi, ya kahawia, imelainika, inanuka kama maji ya bwawa.

Akasema, "Sumu hamna hapa. Huu ni ugonjwa wa kinyausi. Unakuja na udongo, lakini kinachoulisha ni unyevu. Hewa haipiti, maji ni mengi, trop, yamezidi. Nani anamwagilia?"

"Mimi," nikasema. "Asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni, kwa baridi hii?"

"Ndivyo tulivyofanya Ulyankulu kwenye tumbaku."

"Ulyankulu ni jua, mama. Hapa ni Gitega." Akafinya udongo tena, akatikisa kichwa. "Hata hivyo, maji haya siyo ya mara mbili. Hapa kuna mtu mwingine."

Tukatazamana, matone yakituangukia kutoka kwenye nailoni. Kisha nyuma yetu, mlangoni, sauti ndogo ikasema, "Ni mi."

Tukageuka wote. Mama Nazario anajua Kiswahili kidogo, cha sokoni Gitega, na nafikiri alikitumia ili kaka asiseme hakuelewa. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Ni mi niko naingia. Saa ya mchana, mukiwa mumeenda bondeni, mi napita na maji ya chemchemi, naona miche iko inalala. Nikasema hii iko na kiu. Nikaitilia maji. Kesho tena iko inalala, natilia tena."

Kaka akamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nitakwambia we namna gani? We haunisalimie." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Niliogopa. Nilijua hii miche ikikufa, mutasema ni mi niliua. Ndiyo nikawa natilia maji, isikufe."

Shangazi, sijui nikueleze vipi. Mimi machozi yalinitoka pale pale mbele za watu. Halafu mzee Matata akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, akasema kwa Kirundi kwamba tangu awe mushingantahe hajawahi kuona mshtakiwa aliyeua kwa kuogopa kushtakiwa. Watu wakacheka wote, wa kwetu na wa kwao, na hata Crispin. Ni kaka tu hakucheka. Alikaa chini kwenye ukingo wa kisanduku, akashika kichwa.

Unamjua kaka, kuomba radhi kwa mdomo hakumo katika damu yake. Crispin alipotuambia tukunje nailoni za pembeni hewa ipite, kaka aliinuka, akashika pembe moja, akasimama nayo mkononi. Watu walikuwa tayari kumsaidia, lakini hakumpa mtu. Akasema bila kuinua macho, "Mama, nishikie huku." Na Mama Nazario akaja, akashika ile pembe ya pili, hafiki juu, ikabidi asimame juu ya jiwe.

Tangu hapo tulifanya kama alivyotuelekeza. Iliyougua tuliing'oa yote tukaifukia mbali. Visanduku tulivitoboa chini maji yapate pa kutokea, tukavianika juani. Udongo mpya tuliuchanganya na mchanga wa mtoni, na tukasia mbegu kwa nafasi, siyo kubanana kama mwanzo. Pembeni tunafungua jua likitoka na kufunga jioni. Na kumwagilia ni asubuhi tu, tena siku ambayo ukigusa udongo juu unakuta umekauka. Hilo lilinishinda mwanzoni. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye ndoo wenyewe.

Nyanya za kwanza tulizipoteza karibu zote, siwezi kusema uongo. Kabichi na biringanya zilizokuwa karibu na mlango zilipona. Nyanya za pili zimeota zikakaa, shina nene, majani ya kijani kizito. Wiki iliyopita tumezishusha bondeni. Tutachelewa kidogo sokoni, lakini tutafika. Nikipita asubuhi nikiziona zimesimama wima zina umande, huwa nasimama tu nazitazama kama mjinga.

Shauri lilifutwa. Kaka alipeleka pombe ya ndizi, wakainywa kwa mirija na wale wazee, na Mama Nazario akapewa kunywa wa kwanza. Sasa wanasalimiana. Usifikiri wamekuwa ndugu. Bado kuna ule mparachichi ulioota katikati ya mpaka, kila mmoja anasema ni wake, wamekubaliana watauzungumza baada ya mavuno. Lakini wamekubali kuuzungumza, hawanuniani. Na yeye ameingia kikundini. Zamu yake ya kumwagilia ni Alhamisi, na kabla hajatia maji hunipigia kelele kutoka kule chini, "Adventina! Nitilie ao nisitilie?"

Nikupe na habari nyingine. Binti yangu Hidelina anaendelea vizuri na shule pale Mushasha. Mwaka wa kwanza aliangushwa na Kifaransa na Kirundi, akawa analia anataka kurudi kwa bibi. Sasa ananisahihisha mimi Kirundi changu mbele ya wageni. Audax yuko Muyinga, amepata kiwanja, anajenga chumba kimoja kwanza. Anasema ukija utapumzika kwake siku mbili kabla ya kuendelea na safari.

Maana nataka uje, shangazi. Najua ulichukua uraia wa huko na siwezi kukulaumu, makaburi yako yako huko na nyumba yako iko huko. Lakini njoo tu utembee. Zuberi anayekuletea barua hii anakwenda Kahama kwa mzigo, atarudi kwa njia ya mpaka wa Kobero mwisho wa mwezi, na amesema kiti cha mbele ni chako. Ni mtu mwema, na mke wake Shakila atakukaangia vitumbua mkifika Muyinga.

Nisalimie mjomba Prosper, mama Ursula na watoto wake, kwaya yote ya Mtakatifu Yosefu, na mwambie dada Zaituni wa dukani simsahau. Mungu akulinde mchana na usiku, aupe nguvu mguu wako, na akufikishe.

Jambo la mwisho. Nilimwambia Mama Nazario kwamba nimekualika, kwamba wewe ndiye msichana uliyetoka kwenye shamba hili ukiwa na mdogo wako mgongoni. Akasema usilale kwetu. Anasema nyumba yake imejengwa palepale iliposimama ya baba yako, jiwe la mlangoni ni lile lile hawakuling'oa, na kwamba utalala humo. Jana nimemwona ametoa godoro nje analianika.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungoja,

Adventina