Kitwitwi Wenye Tumbo la Njano

Jumatatu, 26 Agosti 1996

Nimeshaandika wizi wa ng'ombe Kehancha, mvua ya mawe Rangwe, na magugu maji yanayoikaba gati hapa Homa Bay. Leo mhariri Wangwe kapiga simu kutoka Nairobi – anataka ndege. Aya mbili! Watu wa makumbusho wana tangazo. Huko kaskazini ya mbali, ambako baridi inakaribia, kitwitwi kadhaa wamepakwa rangi ya njano tumboni kabla ya kuanza safari ya kuja huku. Atakayemwona mmoja aseme amemwona wapi.

"Na usitie utani, Bhoke."

Nimetia kidogo. Katika aya ya pili, ambapo huwa hafiki.

Alhamisi, 29 Agosti

Tangazo limetoka. Mji mzima umeota macho. Kufikia saa sita nilikuwa nimeletewa habari za mnana kumi na kitu (njano wa kuzaliwa), kuku wa mchungaji, na popo. Popo! Aliyemleta popo alikasirika nilipomuuliza njano iko wapi. Alisema ilikuwepo asubuhi.

Mahmud ndiye pekee aliyecheka pamoja nami. Mahmud wa duka la viungo, mtu wa Malindi, miaka mingi hapa. Ana darubini ya marehemu babake, na kila alasiri hupanda juu ya paa la duka kuangalia ndege. Watu humwona ana wazimu. Mimi humwona ana wazimu nadhifu. Alinionyesha kitwitwi wa kwanza wa msimu, mmoja, amesimama matopeni nyuma ya gati akitikisa kiuno kama mtu aliyesahau alichotumwa. Tumbo jeupe.

"Wametoka huko theluji inakoanguka, dada Bhoke, wakapita majangwa yote yale, wakachagua matope yetu. Halafu Japheth anataka kuyazungushia waya."

Hapo akaacha kucheka.

Matope hayo ndiyo uwanja wa akina mama wa omena. Huanika samaki wao juu ya nyavu kuukuu, nzi huja, kitwitwi hula nzi. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Sasa mkubwa mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona anataka kujenga ghala la barafu hapo hapo. Japheth ni mtu wake wa mkono: suti ya kahawia, viatu vya ngozi hata kwenye tope. Ameshachimbia bikoni nne za mpaka. Kamati ya ardhi itakaa Ijumaa ya tarehe 13. Mahmud amepeleka pingamizi, na kamati imejibu hivi: makumbusho wakiandika kwamba ndege wao wa utafiti wanatua hapo, shughuli itasimama. Wasipoandika, waya utazungushwa.

Jumatano, 4 Septemba

Wawili! Matopeni, saa tatu asubuhi, matumbo ya njano hata bila darubini. Akina mama walikuwa wanaanika omena kwa utulivu wa kanisani. Mellen, mwenyekiti wao – Mkisii aliyeolewa hapa, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa – aliniambia bila kugeuka: "Hii ndege imefika, nyar Kuria. Andika."

Binti wa Kuria akaandika. Jambo moja lilinisumbua. Mahmud, ambaye wiki iliyopita alirukaruka kwa kitwitwi mweupe karibu aanguke kutoka paani, leo alikuwa mtulivu mno. Alinipa darubini kama mtu anayekabidhi risiti.

Nimetuma Nairobi: "Kitwitwi wawili wenye matumbo ya njano wameonekana Homa Bay." Kila neno ni kweli.

Ijumaa, 6 Septemba

Sasa ni wanne. Japheth alikuja kusimama kando yangu, akawaangalia muda mrefu.

"Madam, hawa ndege wanaongezeka kama wapiga kura."

Sikucheka mbele yake. Nilicheka baadaye, nyuma ya choo cha soko.

Jioni mvua kubwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Kitwitwi wote weupe. Mmoja ana doa la njano kwapani, kama shati la karani. Mahmud anasema wa njano wameendelea na safari na hawa ni wageni wengine. Nikamuuliza, hata yule anayechechemea? Juzi alikuwepo, wa njano, akichechemea. Mahmud akasema kuchechemea ni kawaida kwa wasafiri.

Jumapili, 8 Septemba

Chakula cha mchana kwa Mahmud. Mkewe Tima hupika viazi karai ambavyo watu huvuka mji kuvifuata. Leo vimeletwa mezani vyeupe! Vyeupe kama mgonjwa.

Nilisema tu: "Tima, viazi vimepatwa na nini?"

"Niulize mimi? Muulize huyo. Gunia dogo la manjano limekuja Jumatatu. Jana natia mkono, hamna kitu. Wateja wananiuliza kama nimefiwa."

Mahmud akanywa maji. Glasi nzima. Kucha zake, niliziona vizuri kupitia kioo cha glasi, zilikuwa na rangi ya jua la magharibi.

Nikaomba kiazi cha pili. Ladha ni ile ile, ila mtu unahisi unakula kiazi uchi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilimkuta Mellen peke yake akigeuza omena. Sikuzunguka. Nilimuuliza wanawakamata vipi hao ndege.

Nilitegemea atakana. Akaweka mikono kiunoni. "Wewe nyar Kuria, unauliza kwa gazeti ama kwa masikio yako?"

Nikasema kwa masikio.

Basi akanieleza kama anayefundisha kupika. Kukipambazuka, ndege bado wamezubaa, wanawarushia wavu wa omena uliochoka. Bonareri, shemeji yake, anashika, kwa sababu ana mikono laini. Mahmud anapaka, kwa brashi yake ya kunyolea ndevu. Manjano, maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo ili ishike.

"Haiumi. Tunapuliza mpaka inakauka, tunaachilia. Ile ya kuchechemea ilikuja hivyo, si sisi." Alinitazama sana. "Mimi nimeanika hapa tangu nikiwa na mimba ya kwanza. Hii matope imesomesha watoto watano. Huyo wa suti akiweka fensi, mimi nianike wapi? Juu ya kichwa yake?"

Nilimwambia manjano hufifia juani, tena mvua huimaliza, tena kesho anakuja mtu wa makumbusho mwenyewe, ambaye kazi yake ni kujua. Waache. Hata kama watakosa, wakose wakiwa safi.

Akaahidi. Aliahidi haraka mno.

Wangwe kapiga simu tena: "Hao ndege ni wa kweli?" Nikamwambia ni ndege kweli kweli. Ameridhika. Mhariri mzuri yule, ila hasikilizi.

Jumanne, 10 Septemba

Liz wa makumbusho amefika. Kijana, kofia pana, darubini ya miguu mitatu, hana maneno ya ziada. Nimempenda mara moja, jambo baya kwa mtu ambaye huenda nikamdanganya.

Alinivuta kando. Tangazo, alisema, liliachwa pungufu kwa makusudi, kwa sababu kila mwaka kuna mahali watu huona wanachotaka kuona. Ndege wao halisi wana pete ya chuma pia. Mguu wa kushoto, juu ya kiungo. Hilo halikuandikwa popote. Ananiambia mimi kwa sababu atahitaji jicho la pili, na ameambiwa mimi si mtu wa kusisimka.

Nikauliza: na akikuta mchezo?

"Nafunga mizigo. Nawaandikia kamati kwamba ufuko huu hauaminiki. Hautaaminika hata ndege wa kweli akitua."

Sijamwambia mtu habari ya pete. Si Mahmud, si Mellen. Niandike hapa wazi, maana najua huko mbele nitaulizwa, pengine na mimi mwenyewe.

Jumatano, 11 Septemba

Hawakuacha!

Watatu asubuhi, wabichi, wanang'aa kama vikombe vya plastiki. Nilimtazama Mellen. Mellen akatazama ziwa. Mahmud alikuwa paani akitazama mawingu, darubini kaishika kichwa chini.

Liz aliwakagua kutoka gatini. Miguu ilikuwa imezama kwenye tope kupita kiungo, pete haiwezi kuonekana, iwepo isiwepo. Akasema kesho atatega wavu, awashike, amalize ubishi.

Japheth akasikia. Amekuwa akikusanya vipande vyake pia. Tima ananiambia alikuja dukani saa nane kutaka manjano, robo kilo. Tima, ambaye hajui lolote, akamjibu: imekwisha, na kama ana habari zake ilikokwenda amwambie. Japheth akatoka akitabasamu hadi masikioni.

Jioni alinikuta posta. "Madam, kesho nitakuja na kitambaa cheupe. Chenye maji. Mtashika ndege, mimi nitapangusa tumbo. Halafu wewe utaandika unachoona, si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu. Nilimwambia hivyo.

Liz kala kwa Tima. Kaniuliza, bila kuinua macho kwenye sahani, kwa nini viazi karai vya hapa ni vyeupe, wakati Mombasa alivikuta vya njano. Nikasema kila mji na desturi zake.

Alhamisi, 12 Septemba

Naandika matopeni, nimekaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Saa mbili asubuhi. Kamati inakaa kesho.

Wavu wa Liz umelazwa kwenye tope, umefunikwa kidogo. Una kamba ndefu: ukivuta, unajikunja juu ya ndege. Kamba kanipa mimi. Yeye atabaki na jicho kwenye darubini, kisha akimbilie ndege kabla hawajajiumiza. "Wewe mkono wako hautetemeki," alisema. Kweli. Hautetemeki hata sasa.

Japheth yuko mkono wa kushoto, suruali ameikunja, kitambaa kinadondosha maji kiganjani. Ameshakikamua mara mbili. Mahmud kateremka kutoka paani, amesimama na akina mama, mikono ameificha ndani ya kanzu. Mellen ana beseni la omena la kuvutia nzi.

Wale watatu wanazunguka nje ya wavu. Yule anayechechemea yumo, safari hii wa njano kabisa.

Bado.

Bado. Bonareri kapiga chafya, akina mama wote wamemkodolea macho.

Wa nne kaja! Katoka upande wa ziwa, chini chini juu ya maji, peke yake, akatua pembeni. Mwembamba kuliko hawa wetu, amechoka, ananywa kwanza. Njano yake si ya Mahmud. Imechujuka, inaelekea kijani, kama ukurasa wa kitabu cha zamani. Akapanda juu ya ganda la konokono, miguu yote nje.

Liz kashika bega langu. "Kushoto. Juu ya kiungo. Unaiona?"

Naiona. Ya chuma, imepauka. Sikumwambia mtu.

Nimemtazama Mahmud. Ameona pia, hata bila darubini, si pete bali ndege. Mikono imetoka kwenye kanzu, ile mikono ya njano, iko mdomoni mbele ya watu wote, na wala hajali.

Mgeni ameingia wavuni. Anaokota nzi bila haraka. Sasa – mjinga yule anayechechemea anamfuata! Na wenzake wawili nyuma. Wote wanne ndani. Nikivuta sasa nashika ukweli na viazi karai pamoja, na kitambaa kiko hatua chache tu.

Liz anadhani naandika mwelekeo wa upepo. Ananong'ona: vuta.

Mellen haelewi pete, ila macho anayo. Katia mkono kwenye beseni, karusha omena ng'ambo, mbali na wavu, kama anayelisha kuku. Wale wawili wa kupakwa wametoka mbio. Huyu anayechechemea ameinua kichwa tu, anafikiri. Anafikiri polepole mno, ndege huyu!

"Bhoke, vuta! Mbona huvuti?"

Nimemwambia kamba imenasa.

Kamba haijanasa popote.