Kabureta Mbili na Sikio Moja

Sasa, Nekesa mjukuu wangu?

Hapa Mashimoni tuko poa. Nyanya yako goti limepona, amerudi kuuza mandazi. Umeuliza utajuaje kabureta ipi inavuta hewa zaidi kwenye hiyo gari ya injini ya rotari, yenye kabureta mbili, mliyoletewa gereji huko Kisumu. Ni rahisi. Injini ikinguruma, weka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, usikilize hewa.

Nikiwa fundi kijana Kawangware nilifanya hivyo kwa gari ya mteja. Kabureta moja ilinong'ona, nyingine ikafoka. Nikageuza skrubu ili zivute sawa, gari ikazidi kutetemeka. Nikageuza tena. Mwenye gari akaanza kununa. Nyanya yako, wakati huo akituletea chai tu, akasema, "We fundi, mbona ukizunguka gari unabadilisha sikio?"

Kumbe kugonga mabati kulikuwa kumeniharibu sikio la kushoto, na sikujua. Nilizisikiliza zote kwa la kulia, nikazisawazisha kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo tumia sikio lile lile. Mimi hadi leo, kabla sijasema mtu ana makosa, kwanza namgeuzia sikio zima.

Ni mimi, guka wako.