Nilisema Shaba Yuko Tayari

Jumapili, saa kumi jioni. Baridi. Upepo unatoka upande wa ziwani na wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi. Nimevaa sweta la shule hapa nyumbani kwa sababu lile lingine linanuka farasi, na leo sitaki kunusa farasi.

Sijala mchana. Nimemwambia mama tumbo linauma. Haliumi.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnamjua Shaba, lakini nieleze tena ili niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio leo. Shaba ni farasi wa Mzee Abdala, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mzee ana farasi watatu kwenye uwanja wake kule Maisaka. Sikukuu watoto wanapandishwa, na kwenye harusi bwana harusi anaingia nao. Baba yangu ndiye anayewatunza. Wawili ni wazee na wapole. Shaba si mpole. Alitoka kwenye shamba kubwa ambalo mwenyewe alihama nchi, na huko alikuwa akishindanishwa mbio. Ana kifua kama mlango na miguu ambayo haipendi kusimama.

Mwaka jana aliumia kano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu, mguu wa mbele wa kushoto. Akakaa bandani miezi minane anakula tu. Mwezi wa tano Mzee akasema shule zikifunguliwa baada ya likizo, kama Shaba hajarudi kazini, atamuuza kwa jamaa wa Magugu anayetafuta mnyama wa kuvuta mkokoteni wa matofali.

Baba goti lake ni bovu na ni mzito. Mimi ni mwepesi, na mimi ndiye niliyesoma kile kitabu kisicho na jalada kilichookotwa stoo, cha Kiingereza, kamusi mkononi, kurasa zote za kumrudisha farasi aliyeumia. Kitabu kinasema: wiki nane za kutembea. Kutembea tu. Kisha dakika chache za kukimbia polepole. Shoti, ile mbio yake kamili, si kabla ya kuingia mwezi wa nne wa mazoezi. Nilichora jedwali nyuma ya daftari langu la Jiografia na daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbuzi wa jirani nikamwonyesha. Akasema ni sawasawa, akaniuliza niko kidato cha ngapi.

Cha tatu, nilimwambia, nikiangalia viatu vyake.

Tatizo la Shaba halikuwa kwenda. Lilikuwa kusimama. Wiki ya kwanza alinivuta mikono mpaka vidole vikachubuka. Ukivuta hatamu, naye anavuta, na yeye ana shingo. Kitabu kilikuwa na mbinu zinazohitaji uwanja wenye uzio na mchanga. Sisi tuna njia ya kwenda kijiji cha Nakwa.

Ndipo mimi nikapata njia yangu mwenyewe. Hapa huwezi kumpita mtu mzima ukiwa umekaa juu ya mnyama, ukamwamkia kutoka juu kama unamtupia kitu. Nililelewa hivyo. Kwa hiyo kila tulipokutana na mkubwa nilimsimamisha Shaba, nikashuka, nikasema shikamoo, nikapanda tena. Siku ya kwanza ilikuwa vita. Siku ya kumi Shaba alikuwa akimwona mtu kwa mbali anapunguza mwendo mwenyewe. Wiki ya tatu alikuwa akisimama kabla sijagusa hatamu, masikio mbele, anasubiri nishuke.

Mama Neema wa vitumbua alikuwa akicheka kila asubuhi.

“Marahaba mwanangu. Na huyu mkubwa je, mbona yeye haniamkii?”

“Anaona aibu, mama.”

“Basi mmekutana.”

Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali nasikia masikio yanawaka, niliamkia watu ishirini kwa asubuhi moja. Vijana wa bodaboda nao hawakuniacha. “Dada, hiyo mashine imekata mafuta?” “Shuka uisukume!” Safari moja nilicheka nikiwa nimegeuza uso.

Nilikuwa na furaha. Naandika ili nisije nikadai baadaye kwamba sikuwa nayo.

Jana ilikuwa Jumamosi, mwisho wa wiki ya tano. Ya tano kati ya nane. Tulikuwa tumetembea hadi Nakwa na kurudi, mguu baridi, hakuna uvimbe. Nikakuta gari la Mzee Abdala uwanjani. Alikuja na Idrisa, mtoto wa mdogo wake, anayesoma chuo na kurudi kila likizo na miwani mipya.

“Huyu ndiye dada wa polepole?” Idrisa akasema. “Baba mkubwa, umempa farasi wa mbio mtu wa maandamano ya kanisani.”

Mzee akacheka kidogo. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera, ningependa awe mbaya. Aliitikia shikamoo yangu, akampapasa Shaba shingoni, akamtazama mguu. Kisha akanigeukia na kuniuliza mimi, si baba.

“Haya mwalimu, niambie. Yuko tayari? Idrisa anataka kumkimbiza kidogo pale shambani tuone. Akienda vizuri yule wa Magugu nitamwambia atafute punda.”

Baba alikuwa amesimama na ndoo. Alijua wiki ni ngapi, jedwali nimelibandika kwenye mlango wa banda, analiona kila siku. Akatazama ndani ya ndoo.

Nilikuwa na sentensi nzima. *Hapana mzee, bado wiki tatu za kutembea, akikimbizwa leo kano itakatika.* Ni maneno ya kawaida. Nimeshika mada ngumu zaidi ya hiyo kwenye mtihani.

Nikasema, “Yuko tayari.”

Shamba la mahindi la nyuma limeshavunwa, yamebaki mabua mafupi. Idrisa anajua kupanda, siwezi kumnyima hilo. Akamtembeza kidogo, akamgusa kwa visigino, na Shaba akaondoka.

Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Wiki tano nimekaa juu ya kitu hicho bila kukijua. Alijishusha chini, akanyooka, vumbi likabaki nyuma limesimama peke yake. Baba mwenyewe alisema “Ee!” bila kujua. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili, kwa kasi zaidi.

Mara ya tatu, mzee mmoja akatokea kwenye kinjia cha pembeni, anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa.

Shaba akamwona. Akasimama.

Akasimama jinsi nilivyomfundisha, mara moja, bila kuvutwa, lakini akiwa katika shoti, uzito wote juu ya miguu ya mbele. Idrisa alipita juu ya shingo yake na kuanguka kwenye mabua. Mzee wa baiskeli akaacha baiskeli ianguke, akaanza kusema, “Poleni jamani, poleni, nilikuwa napita tu mimi.” Shaba akabaki palepale, masikio mbele, anasubiri mtu ashuke aamkie. Mguu wa kushoto ameuinua kidogo, kwato imegusa ardhi kwa ncha tu.

Nilijua kabla sijafika.

Idrisa alichubuka kiwiko na miwani ikavunjika. Alimwita farasi mwehu. Mzee Abdala alimpangusa mabua mgongoni, akamtazama Shaba akichechemea kuelekea bandani, akatikisa kichwa. “Huyu basi tena. Hana bahati huyu mnyama. Atakwenda Magugu Jumatano.” Kisha akanigeukia akasema, “Asante mwanangu, ulijitahidi sana.”

Alinishukuru.

Hakuna aliyenilaumu. Idrisa analaumu farasi, Mzee analaumu bahati, mzee wa mkaa anajilaumu mwenyewe na hata hatujui jina lake. Tulipofika mlangoni kwetu, baba akasema, “Ungesema.” Nilitaka kumwambia na wewe ungesema, wewe ni mtu mzima, wewe ni baba. Sikusema. Naona kutosema ni kitu tunachorithishana katika nyumba hii, kama pua.

Leo baada ya kanisa nilipita Maisaka. Mguu umevimba kama chupa ya soda na una joto. Nikaumwagia maji baridi, ndoo baada ya ndoo, Shaba akilaza mdomo wake begani kwangu. Hajui lolote. Amefanya alichoombwa na amekifanya vizuri kuliko mtu yeyote pale.

Tangu jana najiambia ilikuwa heshima. Kwamba mtoto hambishii mtu mzima aliyekuja na gari lake kumwangalia farasi wake. Tangu jana najiambia pia nilikuwa nikimwokoa asiuzwe. Zote mbili zinasikika vizuri. Ningeweza kuandika insha.

Lakini hapa niliahidi kuandika ukweli, basi huu hapa. Idrisa aliposema anataka kumkimbiza, moyo wangu uliruka. Wiki tano za kutembea. Wiki tano za kucheka na Mama Neema na kutaniwa na bodaboda. Nilitaka kumwona akikimbia. Mara moja tu. Na wakati anazunguka mara ya pili, kwa kasi ile, nikijua kilichoandikwa kwenye jedwali langu kwa mwandiko wangu, nilikuwa natabasamu.

Nilikuwa natabasamu.

Jumatano anakwenda kuvuta matofali kwa mguu ule. Yule jamaa hajui chochote kuhusu kano, atadhani ni uvivu, atampiga. Kama kuna kitu bado kinaweza kuzuilika ni hicho. Anatakiwa kupumzishwa miezi, si siku tatu, na mtu anayeweza kuamua hivyo ni Mzee Abdala, na Mzee Abdala anaamini ni suala la bahati kwa sababu mimi ndiye niliyemwachia aamini.

Duka lake linafunguliwa saa mbili. Nitakwenda kesho kabla wateja hawajajaa, na jedwali langu nitalibandua mlangoni kwa banda nimpelekee. Maneno ya kwanza ni, “Mzee, Jumamosi nilikudanganya.”

Nimeyajaribu mara nne hapa chumbani. Mara zote nne nimenong'ona.