Kuku wa Ukurasa wa Tisa

Runzewe,
Jumapili, likizo ya Juni

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha mama, kisha wote waliomo humo ndani mpaka yule paka mwizi kama bado yu hai. Mimi sijambo. Kifua kimepoa, na vumbi la huku nimelizoea kiasi kwamba mvua ikinyesha ndiyo napiga chafya. Miguu ya mama inaendeleaje? Mpake yale mafuta hata akigoma, na usimwambie kwamba nimesema mimi, maana ataniandikia barua ya kunigombeza.

Barua yako imefika. Niliisomea mlangoni pa ofisi nikiwa nimesimama, na nilipofika pale unaposema kwamba barua yangu ya Machi uliwasomea walimu wenzako wote, niliikunja haraka nikaificha mfukoni. Jamani, dada! Nani alikutuma? Eti walinishangilia! Eti sasa wanataka niwape orodha ya vitabu vya mwalimu kusoma likizo hii, ili shule zikifunguliwa watoto wao nao wasome kama maji ya mtoni. Hayo ya maji ya mtoni niliandika mimi, nayakumbuka. Niliandika kwa majivuno, nimekunja nne.

Orodha utaipata. Lakini kwanza nikuambie ukweli: ile Machi, darasa langu halikuwa likisoma hata neno moja. Usishtuke, mambo yamekwisha salama, na leo nimelala usingizi wa mchana kama mtu aliyetua mzigo. Ila nusura niue mtu, dada. Tena kwa kitabu.

Nina darasa la tatu. Watoto wazuri, wana heshima, wakikuamkia wanapiga goti mpaka chini. Nyumbani kwao ni Kisukuma tangu alfajiri, Kiswahili wanakutana nacho mlangoni kwangu. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa watoto sita, kwa hiyo mimi nasoma mstari, wao wanaitikia, nasoma, wanaitikia. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nikitaja ukurasa tu, darasa zima linaporomosha. Ukurasa wa tisa ndio waliokuwa wakiupenda kuliko yote: "Baba amekwenda sokoni. Baba anarudi nyumbani. Baba ana kuku. Kuku ni wa mama. Mama anafurahi." Wanaimba mpaka paa linatikisika. Nami ninasimama pale mbele, mikono nyuma, nafurahi kuliko huyo mama wa kitabuni.

Basi, yuko binti mmoja anaitwa Minza. Mdogo, mwenye macho makubwa, sauti yake kali kuliko zote, na mimi nilimwita msomaji wangu. Baba yake alikwenda kuchimba dhahabu kule Geita tangu mwaka jana. Huku barua za kijiji kizima hupitia shuleni, sisi walimu tunawapa watoto wazipeleke nyumbani. Siku moja mwezi wa nne ikaja barua ya Mama Minza. Nilimkabidhi Minza kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wenzake, nikamwambia, "Wewe ni msomaji. Usimtafute mtu, kamsomee mama yako." Darasa likapiga makofi. Mtoto akaondoka shingo imenyooka.

Mimi nikasahau habari hiyo.

Siku ya nne yake natoka dukani, namkuta Mama Minza amesimama pale magari ya Geita yanaposimama. Amevaa doti mpya ya kanga, kichwa kimesukwa, amejipaka mafuta anameremeta. Nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuombea maji, "Mwadila, mayu," akacheka kama wanavyonicheka wote.

"Unasafiri, Mama Minza?"

"Sisafiri, mwalimu. Namsubiri Baba Minza. Nimeshinda hapa tangu juzi."

"Alhamdulillahi! Kumbe anarudi?"

"Barua imesema. Minza ametusomea, shemeji zangu wote walikuwepo. Anarudi nyumbani, na kuku ananiletea." Akainamisha uso kwa haya. "Ameandika kabisa, kuku ni wa mama."

Dada, kuku huyo nilikuwa namjua.

Nikamuuliza, "Ameandika nini kingine?"

"Ameandika mama anafurahi. Na kweli nafurahi."

Barua yenyewe alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwomba niione. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi, na rafiki yake Baba Minza, maana mwenyewe hajui kuandika. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na soko. Shimo lilikuwa limewaporomokea, Baba Minza akavunjika mguu, wakamtoa mzima kwa rehema ya Mungu. Yuko hospitali, amefungwa mguu, wanamtibu vizuri, lakini hana ndugu wa kumgeuza wala kumpikia uji. Yule rafiki aliyemwandikia ndiye aliyekuwa akimhudumia, na naye anahama kwenda machimbo mengine Jumapili. Anamwomba mdogo wake aende upesi. Mwisho kabisa ameandika, "Mkinyamaza nitajua mmeniacha."

Na ile Jumapili ilikuwa kesho yake.

Sikujua nimwambieje. Nilimsomea yote, polepole, pale pale barabarani. Mama Minza hakupiga kelele. Alikaa chini mavumbini na kanga yake mpya, akasema neno moja tu: "Na kuku?" Nikalia mimi. Mwalimu mzima nalia barabarani, watu wananiangalia.

Tulikimbia mpaka kwa shemeji yake, yule mdogo wa Baba Minza. Mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akavaa shati, akachukua kibuyu cha maziwa na mfuko wa michembe, vile viazi vikavu vya huku, akadandia lori la mizigo lililokuwa likielekea Geita. Hakuniuliza kitu. Ningefurahi angenitukana.

Kisha tukamwita Minza. Hakukana. Akasema alipofungua barua, herufi za mkono hazikufanana na za kitabu, zilikuwa zimelala zimekumbatiana. Akatafuta neno analolijua, akaliona moja: Baba. Ilianza hivyo, "Mimi Baba Minza." Basi akaendelea na yale yanayofuata baada ya Baba. Baba zake wadogo wamekaa, bibi amekaa, mama anatabasamu, naye ameambiwa na mwalimu kwamba ni msomaji. Angesema nini, dada? Alilia kwa kwikwi mpaka kamasi zikamwingia mdomoni. Mama yake akanyanyua fimbo, mimi nikasimama katikati. Nikamwambia, "Mama Minza, kama ni fimbo, anza na mimi."

Jumatatu niliwaambia darasa wafungue ukurasa wa kumi na mbili, ambao hatujawahi kuufikia. Nikasema tu, "Haya, Baba..." Wakaimba ukurasa wa tisa wote, dada, macho yametulia kwenye picha ya ng'ombe. Wawili walikuwa wameshika kitabu miguu juu. Nikaandika ubaoni maneno yale yale, nimeyapanga vingine: "Mama ana kuku. Kuku amekwenda nyumbani." Kimya. Kimya kama kanisani.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ofisini kwake lipo kabati, nalo lilikuwa na vitabu vya hadithi tulivyoletewa tangu kabla sijafika. Vinatolewa mkaguzi akija, akiondoka vinarudi. Nikamwomba ufunguo.

"Mwalimu Saumu," akasema, "vile vitabu ni mali ya serikali. Watoto wana mikono michafu."

"Na watoto wenyewe, mwalimu, ni mali ya nani?"

 Nilidhani nimejihamisha kituo kwa mdomo wangu, unaujua mdomo wangu. Akafungua kabati. Tukakuta mchwa wameingia kwa nyuma, wamekula rafu nzima ya chini. Mzee wa watu akashika kichwa. Nikamwambia, "Angalau mchwa wamesoma," akacheka huku machozi yanamlenga. Tangu siku hiyo ufunguo ninao mimi.

Siku zile za kusubiri habari za Geita sikula vizuri. Kila lori likisimama naacha chaki nachungulia dirishani. Mama Minza hakunisema, lakini alikuwa akipita shuleni bila kugeuza shingo. Nilikuwa nawaza, kama yule baba ameamini kwamba wamemwacha, akakata tamaa pale kitandani, ni mimi. Si shimo, ni mimi na ukurasa wangu wa tisa.

Siku ya kumi na moja, tuko katikati ya hesabu, Minza akachomoka darasani bila ruhusa. Nikatoka nimkamate. Barabarani lori limesimama, watu wanne wanashusha mtu mrefu mwenye mguu umefungwa mbao. Yu hai! Amekonda kama mpini, lakini anacheka na meno yote nje. Lori la mdogo wake liliharibika njiani, akafika Jumatatu asubuhi akamkuta amegeukia ukutani, hataki uji. Alichelewa siku moja tu. Mama Minza alipita katikati ya watu, akamshika mumewe kichwa, kisha akaniita mimi kwa mkono, njoo, njoo. Dada, hewa niliyoivuta siku ile sijawahi kuivuta tangu nizaliwe.

Sasa orodha yenu. Waambie walimu wenzako waanze na ule mwongozo wa mwalimu ambao kila mmoja wetu anauweka chini ya mtungi. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa tatu za mwanzo, nikasinzia. Nimeusoma wote sasa, na mle ndani imeandikwa wazi: mtoto aonyeshwe neno likiwa peke yake, na asisifiwe kwa kukariri. Ulikuwepo chini ya mtungi wangu siku zote! Unachosha, lakini wausome wakiwa wamekaa wima.

Kisha wasome kitabu cha hadithi za wanyama. Cha kwangu sijui kinaitwaje, jina lake lililiwa na mchwa, lakini yupo fisi mlafi na watoto wanagombania kujua amefanywa nini. Hapo hawakariri, hawana nafasi, wanataka kufika mwisho. Chochote ambacho mwalimu mwenyewe atakisoma akasahau sufuria jikoni, hicho ndicho apeleke darasani. Kikiunguza ugali wake, ni kizuri.

Nilimwomba pia bwana shamba kijitabu chake cha dawa ya pamba. Usicheke. Watoto hawa pamba wanaijua kuliko mimi, kwa hiyo neno wasiloliweza wanalikisia kutokana na shamba lao, na siku moja walinisahihisha nilivyotamka jina la mdudu. Ninyi huko mna machungwa, tafuteni kijitabu cha machungwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni barua. Wasome barua, likizo nzima, za watu wasiowajua, kwa ruhusa ya wenyewe. Mimi kila Ijumaa huomba barua kijijini, za zamani, za mambo yasiyo ya siri, na watoto wanazisoma kidole chini ya neno. Hakuna aliyekariri barua ambayo hajawahi kuiona. Minza alianza na ile ya baba yake. Ilimchukua wiki mbili. Siku alipoimaliza nyumbani kwao mbele ya baba mwenyewe, mama yake alinung'unika, "Mbona zamani ulikuwa unasoma haraka?" Baba Minza akacheka mpaka akashika mguu. Kisha mama akasema, "Haya, sasa tusomee na ile ya kuku. Ile ilikuwa tamu."

Ndiyo maana likizo hii siji. Kila asubuhi wanakuja watoto kama ishirini kukaa na kabati lililofunguliwa. Usinune. Na hii barua wasomee walimu wale wale uliowasomea ile ya kwanza, kwa sauti ile ile, wala usiruke mahali.

Msalimie mama, mwambie nakula. Msalimie shemeji yangu, baba wa wanangu, na hao wanangu wawili mama yao mdogo anawabusu. Shangazi wa vitumbua mwambie huku nimepika vikawa mawe, aniombee. Na yule mwalimu wako mkuu aliyeniita hodari, mpe salamu, mwambie bado najifunza.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na majivuno tena mpaka hapo yatakaponirudia,

Saumu

Dada, nimefungua tena bahasha. Minza alipitia hapa akitoka misa ya jioni, nikaona nani wa kumpa barua asiyoijua kama si yeye? Nimempa hii hii. Ameisoma yote, kidole chini, akipumzika kila ukurasa, mimi naosha vyombo. Alipofika pale kwenye kamasi akasimama. Akasema, "Mwalimu, hapa si kweli." Nimekuwa mwalimu miaka sita, na hakuna mtoto aliyewahi kusoma nilichoandika akaniambia si kweli. Nimempa penseli. Haya hapa chini ni ya mkono wake.

Shikamoo mama mkubwa. Sikulia sana. Minza