Miiba Iko Mgongoni

Jumatatu, 4 Machi

Ukurasa wa ishirini na mbili umekwisha. Bado mbili. Nungunungu wangu anapanda baiskeli, miiba yake inatoboa tairi — pancha. Anashuka, anaziba, anapanda, pancha tena. Watoto watacheka mpaka mbavu ziume. Natumaini.

Bi Mkato anazitaka kurasa zote Ijumaa ya wiki ijayo. (Ni mhariri wangu. Jina hilo mwenyewe halijui. Nimempa kwa jinsi anavyonichomekea alama za mkato kila sentensi.) Nafasi kwenye kiwanda cha uchapaji imeshawekwa. Nikichelewa, kitabu kinasogezwa mwakani.

Baba amefika leo. Atakaa nami wiki mbili wakati nyumba yake inabadilishwa paa. Kaja na begi dogo na pampu ya baiskeli. Nimemuuliza pampu ya nini, naye baiskeli hana. Kasema hawezi kuiacha na mafundi asiowajua.

Miaka arobaini alikuwa fundi baiskeli. Vitabu vyangu sita vyote nimempelekea. Sijawahi kumwona akifungua hata kimoja.

Jumanne, 5 Machi

Nilitoka kununua rangi ya bluu — hakuna kitu kinachokula bluu kama mbingu. Kurudi, namkuta Baba chumbani mwangu, miwani puani, kurasa zangu kazitandaza sakafuni kama mtu anayecheza karata. Roho ilitaka kunitoka.

"Hii baiskeli haina cheni," kasema.

Kweli. Ukurasa wa nne hakuna cheni. Ukurasa wa saba ipo, lakini upande wa kushoto. Nimeshukuru, huku nimeuma meno.

"Na hii pancha. Miiba iko mgongoni, tairi liko chini. Inafikaje?"

Nimemwambia ni hadithi ya watoto, Baba. Hata kuendesha baiskeli nungunungu haendeshi.

"Kuendesha nakubali," kasema. "Lakini pancha lazima iwe na sababu."

Nimeokota kurasa zangu moja moja.  Na wiki mbili ndiyo kwanza zinaanza!

Jumatano, 6 Machi

Nimepaka mbingu siku nzima. Baba kashinda barazani, anasafisha pampu yake isiyo na baiskeli. 

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kuwasomea darasa la pili. Huwa nafanya hivyo kila kitabu kikikaribia kwisha. Watoto hawana adabu ya kudanganya. Pancha ya kwanza wamecheka vizuri. Ya pili, binti mmoja mwenye pengo mbele kanyoosha mkono. Anauliza, kwani alikuwa anaendesha kichwa chini miguu juu?

Darasa zima likaingia kazini. Mmoja anasema labda kaanguka. Mwingine, labda kakalia tairi. Mwalimu wao anawaambia wamwache mgeni asome, lakini wapi — mgeni mwenyewe nilikuwa nimeshakwama.

Nilikusudia kutomwambia Baba. Sikuvumilia hata saa moja. Hakucheka. Kauliza tu ni darasa la ngapi.

"La pili."

"Wana akili," kasema, akaendelea kumenya chungwa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi namkuta Baba barazani, baiskeli ya jirani kaipindua, magurudumu juu. Jirani huyo anafundisha hesabu, na Baba hajamaliza wiki kwetu, lakini tayari wanaitana "bwana mkubwa". Kaniita. Kachomoa kitu kwenye tairi, kaniwekea kiganjani. Kipande cha msumari.

"Miaka arobaini sijaona mtu aliyejitobolea tairi mwenyewe," kasema. "Seremala kadondosha msumari, mtu kavunja chupa, jirani kapunguza ua wake wa miiba. Kila mara kuna aliyepita mbele yako."

Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka ikapoa.

Nungunungu anadondosha miiba! Yeye anapita salama, anapiga kengele, anafurahia upepo. Nyuma yake: psss. Psss. Mshonaji kapata pancha, muuza mikate kapata pancha, mkunga kapata pancha na mtoto anazaliwa. Mtaa mzima umemnunia, na yeye hajui kwa nini. Siku anayogeuka nyuma na kuona — hapo ndipo kitabu kinapoanza kuwa kitabu. Itabidi ajifunze kuziba.

Kurasa kumi na mbili mpya. Siku saba.

Nimempigia Bi Mkato. Nimemweleza yote. Naye: dada, zile tulishazikubali. Hizo mpya nisipozipenda? Nikamwambia, basi mwakani. Akauliza za zamani zipo. Zipo. "Basi nitumie za zamani, dada, tulale usingizi."

Nikasema hapana. Hiyo hapana sijui ilitoka wapi. Nimekata simu, nikachonga penseli.

Jumapili, 10 Machi

Baba hajui kabisa kukaa achorwe. Nikimwambia ashike tyubu kwenye beseni la maji atulie, hatulii, anatafuta tundu kweli. Mapovu yakitoka anasahau kama nipo. Basi nimeacha kumpanga. Namchora anavyokwenda: anakwaruza, anapaka gundi, anapulizia, anasubiri. Kule kusubiri ndiko nilikokuwa sikujui. Anafumba macho kabisa.

Nungunungu wangu sasa ana mikono ya Baba. Ananuna kidogo kama Baba pia, lakini hilo sijalisema.

Mchana nikamuuliza, huku nachonga penseli nisimtazame, kwa nini vitabu vyangu hakuvifungua. Kafikiri.

"Mikono ilikuwa na grisi," kasema. "Nilisema nitavifungua nikistaafu. Nilivifunga kwenye gazeti, viko juu ya kabati. Halafu nilipostaafu, nikawa kila siku naamka kama mtu wa kwenda kazini. Nikasahau kwamba siku yenyewe imefika."

Nilikwenda kuosha brashi. Zilikuwa safi.

Jumatano, 13 Machi

Kurasa tisa. Kifundo cha mkono kimevimba. Baba anapika, uji wake una mabonge, naunywa. Ukurasa wa kumi na saba kaurudisha, spoki hazitoshi. Thelathini na sita, kasema. Nimemwambia hakuna mtoto atakayehesabu. Kanitazama kana kwamba mimi siwajui watoto.

Nimechora thelathini na sita.

Ijumaa, 15 Machi

Bi Mkato amekuja mwenyewe. Kasema habari hii haiwezi kumalizwa kwa simu. Kamwamkia Baba shikamoo, kaketi mezani kwangu, kalamu nyekundu mkononi. Baba kaketi mbele yake, mikono juu ya magoti, kama anasubiri majibu ya hospitali. Mimi nimekimbilia jikoni kwa kisingizio cha chai. Ndiko ninakoandikia haya, nyuma ya mchoro uliokosewa, mlango nimeuacha wazi kidogo.

Kwenye ukurasa wa mkunga amecheka, nimemsikia. Kwenye kurasa tatu za mwisho hakuna sauti. Kisha karudi mwanzo, kasoma tena yote. Kalamu kaifungua, kaifunga. Hakuna mkato hata mmoja. Sijui hiyo ni dalili njema au mbaya. Kasema anaomba radhi, anampigia mkuu wake ofisini, akatoka nje.

Namwona dirishani. Anakwenda, anarudi. Mkono mmoja unazunguka hewani. Ama anaeleza gurudumu, ama anagomba.

Baba kaingia jikoni, kasimama kando yangu, naye anachungulia.

"Akikataa?"

"Basi, Baba. Itakuwa mwakani. Au isiwe kabisa."

Kavuta kiti, kaketi. 

"Mwakani si mbali," kasema. "Tutakuwa tumeshaanza kingine."

Tutakuwa. Nimeandika neno lake kama alivyolitamka. Kisha kaniuliza kama nimewahi kuangalia cherehani vizuri, kwa ndani, maana watu wengi wanaichora vibaya sana. Sasa anatafuta karatasi. Nimempa hii, nusu ya chini, na penseli, anachora gurudumu la cherehani huku mimi naandika nusu ya juu, viwiko vinagongana.

Bi Mkato amemaliza simu. Anakuja. Baba anasema asubiri kidogo, mkanda wa gurudumu bado —